JINA LILILOACHWA HALIKOSI WA KULIOKOTA

Jina jema hung'ara gizani, walisema wazee. Walilisema neno hilo juu ya mtu na ukoo wake, lakini leo lafaa pia kwa majina ya namna nyingine: yale ambayo shule, zahanati, vyama vya ushirika, makanisa, misikiti na maduka hutumia kujitambulisha katika intaneti. Jina la namna hiyo likitumiwa kwa uaminifu kwa muda wa miaka kumi, watu hulizoea na kuliamini. Siku mwenyewe anaposahau kulilipia ada yake, jina humtoka mkononi; lakini sifa ya jina haitoweki siku ile ile. Hubaki imening'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na wako watu ambao kazi yao ni kupita wakiziangua nguo za namna hiyo na kuzivaa.

Makala haya yanaeleza biashara ya kununua majina ya tovuti yaliyoachwa, kwa nia ya kuzipandisha tovuti nyingine zionekane juu katika majibu ya Google na mitambo mingine ya kutafutia habari. Pengine msomaji atauliza, jambo hilo lamhusu nini askari aliye zamu, au mama anayelea watoto kambini? Lamhusu sana. Siku hizi familia hutafuta kwa simu habari za dawa, za mikopo, za shule na za ajira. Wanaamini kwamba jibu la kwanza ndilo bora, na kwamba jina wanalolijua ni la mtu yule yule wa jana. Mambo yote mawili yaweza kuwa si kweli.

JINA HUKODIWA, HALINUNULIWI

Hapana budi kuanza na jinsi majina haya yanavyopatikana. Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti ina anwani ya tarakimu, na binadamu hawezi kukariri tarakimu za kompyuta zote anazozihitaji. Kwa ajili hiyo, mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kutumia majina badala ya tarakimu. Jina la kwanza lenye mwisho wa .com lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985, nalo lilikuwa symbolics.com, mali ya kampuni moja ya kompyuta ya Massachusetts nchini Marekani. Baadaye kila nchi ilipata mwisho wake: Uganda .ug, Kenya .ke, Tanzania .tz, Rwanda .rw. Wataalamu huliita jina la namna hii kikoa. Sisi tutaliita jina la tovuti tu.

Watu wengi husema, "Nimenunua jina." Kwa kweli hakuna anayelinunua. Jina hukodiwa, mfano wa chumba cha kupanga. Mwenye jina hulipa ada kwa msajili kila mwaka, au hulipa miaka kadhaa kwa mara moja. Kwa majina ya.com muda hauwezi kuzidi miaka kumi. Akilipa, jina ni lake. Asipolipa, hufukuzwa kama mpangaji mwingine yeyote, hata kama amekaa humo miaka ishirini na kila mtu mjini anamjua.

Kufukuzwa huko hakutendeki kwa siku moja. Kwa majina ya .com, baada ya muda kwisha msajili aweza kumpa mwenye jina nafasi ya kulipa, nafasi isiyozidi siku 45. Jina likifutwa kwa msajili, hufuata siku 30 za ukombozi, ambamo mwenyewe bado aweza kulirudisha, lakini kwa malipo makubwa kuliko ada ya kawaida. Siku hizo zikipita, jina hufungwa kwa siku tano, na hapo hakuna awezaye kulikomboa. Kisha huachiliwa, na wa kwanza kuliomba ndiye hulipata. Nchi nyingine zina hesabu zao za siku kwa majina yao wenyewe, lakini mwendo ni ule ule: onyo, nafasi ya mwisho, kisha kuachwa.

Yako makampuni ambayo kazi yao ni kuyadaka majina wakati ule ule yanapoachiliwa. Kompyuta zao hutuma maombi mengi kwa kila nukta moja ya saa, mfano wa kundi la mwewe waliozunguka juu ya ua wakimngoja kifaranga. Wasajili wengine hata hawangoji mwisho huo. Huliuza jina kwa mnada wakati mwenyewe bado amo katika siku zake za nafasi. Mtu binafsi anayesema, "Likianguka nitalichukua tena asubuhi," aghalabu hukuta limekwisha kwenda.

KUPANDA KWA MGONGO WA MWINGINE

Kwa nini watu washindanie jina lililotupwa? Jibu lamo katika namna mitambo ya kutafutia inavyopima ubora. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, walieleza utaratibu waliouita PageRank, na mwaka huo huo wakaanzisha kampuni ya Google. Wazo lao lilikuwa jepesi. Tovuti moja inapoweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye tovuti nyingine, ni kama inaipigia kura. Tovuti iliyopata viungo vingi huhesabiwa kuwa na uzito, na kiungo kutoka kwa mwenye uzito kina thamani kuliko kiungo kutoka kwa asiyejulikana.

Ndivyo tufanyavyo sisi wenyewe. Mgeni akifika mjini akitaka fundi wa cherehani, huuliza watu. Fundi anayetajwa na wengi ndiye anayeendewa, na neno la mwalimu mkuu au la muuguzi wa zahanati lina uzito kuliko neno la mpita njia. Tangu wakati ule Google imeongeza vipimo vingi vingine, lakini viungo bado vina thamani yake.

Sasa tuseme kuna shule ya msingi iliyokuwa na tovuti kwa miaka kumi na miwili. Wizara iliitaja, gazeti liliandika habari zake, shule rafiki za ng'ambo ziliweka viungo vya kuielekea. Kisha mwalimu aliyekuwa akishughulikia tovuti akahamishwa, ada haikulipwa, na jina likaachiliwa. Viungo vile vyote vingali vipo, na kura bado zinahesabiwa. Yule atakayelichukua jina atazirithi kura ambazo hakupigiwa yeye.

Njia za kuutumia urithi huo ni tatu. Ya kwanza ni kulielekeza jina la zamani kwenye tovuti ya muuzaji, hata kila anayeifuata anwani ya shule ajikute dukani. Ya pili ni kuijenga tovuti upya katika jina lile lile, lakini kuijaza mambo mengine kabisa, kama kamari, mikopo ya haraka, au dawa zisizo na uthibitisho. Ya tatu ni kununua majina mengi yaliyoachwa, kuyatengenezea tovuti za kujifanya, kisha kuyafanya yote yaipigie kura tovuti moja. Huyu wa tatu ni kama mtu mmoja aliyeingia kituo cha kupigia kura na vitambulisho vya marehemu hamsini.

TOVUTI YA WANAWAKE ILIYOGEUZWA

Mfano mmoja ulijulikana sana. Nchini Marekani ilikuwako tovuti iliyoitwa The Hairpin, iliyoanza mwaka 2010. Iliandikwa zaidi na wanawake kwa ajili ya wanawake, kwa uchangamfu na akili, na baadhi ya waandishi waliopitia humo walipata umaarufu baadaye. Ilifungwa mwaka 2018. Muda wa jina lake ulipokwisha, mfanyabiashara mmoja wa Serbia alilichukua. Mwanzoni mwa mwaka 2024 jarida la Wired la Marekani lilieleza kilichotokea: tovuti ile ilikuwa imejazwa makala yaliyotungwa na kompyuta, yasiyo na mwandishi wala mhariri wa kweli. Baadhi ya makala mashuhuri ya zamani yaliachwa mahali pake ili yaendelee kuvuta wasomaji, lakini majina ya wanawake walioyaandika yalifutwa na kuwekwa majina ya wanaume.

Msomaji ayatafakari hayo. Mwanamke aliyekesha akiandika, miaka kadhaa baadaye anakuta kazi yake ikisimama chini ya jina la mwanamume asiyejulikana, pembezoni mwa matangazo, katika nyumba aliyoshiriki kuijenga. Jina lile lilikuwa limefuata kanuni zote za usajili, na mnunuzi alilipa ada yake. Hata hivyo, kilichochukuliwa kilikuwa zaidi ya herufi chache, kwa maana thamani ya jina lile ilitokana na jasho la watu wengine.

SHERIA YA MWAKA 2024

Google ilijaribu kuzuia hila hizi kwa miaka mingi. Tarehe 5 Machi 2024 ilitangaza kanuni mpya, na kwa mara ya kwanza ikaitaja biashara hii wazi wazi kuwa ni aina ya udanganyifu. Kanuni yasema kwamba ni kosa kununua jina lililokwisha muda na kulitumia hasa kwa ajili ya kuidanganya orodha ya majibu, kwa kuweka mambo yenye faida ndogo au yasiyo na faida kwa wasomaji. Mifano iliyotolewa ni mitatu: mambo ya kamari katika jina lililokuwa la shule ya msingi, dawa za biashara katika jina lililokuwa la shirika la hisani la matibabu, na matangazo ya kuuza bidhaa kwa kamisheni katika jina lililokuwa la idara ya serikali. Anayevunja kanuni hiyo tovuti yake yaweza kushushwa chini kabisa, au kuondolewa katika majibu yasionekane tena.

Yafaa kusema pia kwamba kanuni haikukataza kila matumizi ya jina la zamani. Mtu akilipata jina lililoachwa, akaanzisha humo kazi mpya ya kweli yenye manufaa kwa watu, hana kosa. Kinachohukumiwa ni nia na tendo, si umri wa jina. Kwa hiyo kijana anayeshawishiwa atoe akiba yake ili anunue majina ya zamani, akiahidiwa kwamba duka lake litapanda juu kwa wiki moja, ajue ananunua kitu cha namna gani. Fedha hulipwa leo. Adhabu huweza kuja kesho. Na mshauri aliyempa maneno matamu atakuwa amekwisha kuondoka.

BARUA HUMFUATA MWENYE JINA

Hadi hapa tumesema juu ya sifa tu. Lakini jina la tovuti hubeba pia barua pepe, na hapo ndipo hatari inapowagusa hasa watumishi wa usalama na jamaa zao. Anayelichukua jina lililoachwa aweza kuzipokea barua zote zinazoendelea kutumwa kwa anwani za jina lile. Mtumaji hajui kwamba mwenye nyumba amebadilika.

Huko Uholanzi, mwezi wa Aprili 2019, ilifichuka kwamba shirika moja la ulinzi wa watoto katika mkoa wa Utrecht lilibadili jina lake, kisha likaacha jina la zamani la tovuti liishe muda. Watu wengine walilisajili kwa fedha kidogo, na barua zenye habari za siri za maelfu ya watoto walio katika hatari zikawa zaweza kusomwa na wasiohusika. Haikuhitajika kuvunja mlango wala kuiba ufunguo. Aliyekuwa na ufunguo aliuacha mezani akahama.

Mwaka 2024, huko Ubelgiji, mtafiti wa usalama aitwaye Inti De Ceukelaire alinunua zaidi ya majina 100 yaliyokuwa ya taasisi za umma, zikiwemo za ustawi wa jamii, za mahakama na za polisi. Alifanya hivyo ili kuwaonya wakubwa. Alionyesha kwamba barua za siri ziliendelea kuja, na kwamba kwa kutumia anwani za zamani mtu mwovu angeweza kuomba neno jipya la siri na kuingia katika akaunti ambazo watumishi walizisahau.

Mwaka huo huo wa 2024, watafiti wa kampuni ya watchTowr walitumia dola 20 tu kulichukua jina la zamani lililokuwa likitumiwa na wasimamizi wa majina yenye mwisho wa .mobi. Kwa siku chache kompyuta zaidi ya 135,000 ziliijia ile anwani kuuliza habari, zikiamini kwamba bado ni ya wasimamizi. Miongoni mwao zilikuwamo za serikali na za majeshi.

Wala msomaji asidhani kwamba hilo ni la wadogo na wazembe tu. Mwezi wa Desemba 1999 kampuni kubwa ya Microsoft ilisahau kulipa dola 35 za jina passport.com, lililotumika kuwaruhusu watu waingie katika barua zao za Hotmail. Wengi walishindwa kuingia. Siku ya Krismasi mtaalamu mmoja wa kompyuta, Michael Chaney, alilipa zile dola kutoka mfukoni mwake, na huduma ikarudi. Kampuni ile ilibahatika kumpata mwema.

YAPASAYO KUFANYWA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chama cha akiba na mikopo, shule, kikundi cha akina mama wa kambini wanaouza nguo au maandazi, hata mtu binafsi mwenye duka, yampasa kuandika katika daftari mambo manne: jina lake ni lipi, msajili wake ni nani, siku ya kwisha ni ipi, na ni nani anayepelekewa onyo. Hilo la nne ndilo huponza wengi. Onyo la msajili hutumwa kwa barua pepe, na mara nyingi barua hiyo ni ya mtu mmoja aliyekwisha kuhamishwa, kustaafu, au kufariki. Afadhali onyo liende kwa watu wawili, na anwani yenyewe isiwe ndani ya jina lile lile lililo hatarini.

Jina lisajiliwe kwa niaba ya chama chenyewe, wala lisiwe la kijana aliyeitengeneza tovuti. Mara ngapi fundi amegombana na waliompa kazi, kisha ikaonekana kwamba mwenye jina kisheria ni fundi! Kama fedha zipo, lipieni miaka mitatu au mitano kwa pamoja.

Mkibadili jina, msilitupe la zamani. Endeleeni kulilipia kwa miaka mingi, likiwaelekeza watu kwenye jipya. Ada yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara. Kabla ya kuliacha kabisa, pitieni akaunti zote zilizofunguliwa kwa barua pepe za jina lile, mzifunge au mzihamishe moja moja.

Anayetaka kununua jina lililotumika, kwa nia njema, aulize kwanza historia yake. Shirika la Internet Archive la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi sura za zamani za tovuti, na tangu mwaka 2001 mtu yeyote aweza kuzitazama bila malipo katika sehemu yake iitwayo Wayback Machine. Humo ataona kama jina lilikuwa la duka la vitabu au la kamari. Aliandike pia jina lile katika Google aone kinachotokea. Jina lililokwisha kuadhibiwa ni kama shamba lililotiwa chumvi.

Kwa wenye tovuti zenye viungo vya kwenda kwa wengine, vikagueni angalau mara moja kila mwaka. Kiungo mlichokiweka mwaka 2012 kwenda kwa shirika la hisani huenda leo kinampeleka mwanafunzi kwenye meza ya kamari, na ni ninyi mliomshika mkono.

Na kwa familia nyumbani: jibu lililo juu si ushahidi wa ukweli. Mkifungua tovuti ya shule au ya zahanati mnayoijua, mkakuta inauza dawa za kuongeza nguvu au mikopo isiyo na dhamana, msiandike humo jina lenu, namba ya simu, wala namba ya utumishi. Fungeni, kisha muulize wahusika kwa simu au kwa miguu. Wafundisheni watoto kuyasoma majina mpaka mwisho. Mwisho wa .go.ug, au .go.ke, au .go.tz umetengwa kwa ajili ya taasisi za serikali, ilhali .com aweza kuipata mtu yeyote.

Anayetaka tovuti yake ipande hana haja ya kuvizia majina ya wengine. Aandike mambo yanayomfaa mteja wake, kwa lugha anayoielewa, aweke bei za kweli na saa za kweli za kufungua, ajibu anapoulizwa. Watu wakifaidika, watamtaja, na viungo vitakuja vyenyewe kidogo kidogo. Usione vyaelea, vimeundwa.

Wiki hii, kabla ya kuliweka gazeti hili, kila katibu wa chama na afungue daftari aitazame tarehe ya jina lao. Kama haijui, aanze kuitafuta leo hii.